Wimbo Uliotambuliwa na Mgeni

Mgeni hakuwa na nia mbaya, na hilo nimelisema kila mara mazungumzo ya nyumbani kwetu yanapomgeukia. Alikuwa Mwingereza mstaafu, mrefu, mwenye koti la mvua alilokataa kulivua hata kanisani, aliyefika Makambako pamoja na marafiki wa usharika wetu kutoka ng'ambo. Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mahindi, viazi, maparachichi na kuku waliofungwa miguu vilikuwa mbele ya madhabahu vikisubiri mnada wa baada ya ibada, na kwaya ilikuwa imemaliza kuimba wimbo mpya wa kaka yangu, ambaye amekuwa mwalimu wa kwaya hiyo kwa sehemu kubwa ya utu uzima wake.

Alipoitwa kutoa salamu, mgeni alishukuru kwa ukarimu, akasifu baridi yetu ambayo sisi wenyewe hatuisifu, kisha akageukia kwaya. Alisema kwamba gitaa lilipoanza alidhani amepoteza akili, kwa kuwa sauti ile aliijua tangu ujana wake. Ilikuwa katika santuri aliyoinunua akiwa mwanafunzi. Yeye na wenzake waliicheza chumbani, wakanywa bia, wakarukaruka mpaka mwenye nyumba akagonga mlango. Hakutarajia kuisikia tena nchi ya mbali, ndani ya nyumba ya Mungu. Alimshukuru mwalimu wa kwaya kwa zawadi hiyo.

Mwinjilisti aliyekuwa akitafsiri ni mtu mwaminifu. Hakupunguza neno. Hata bia aliitafsiri.

Watu walicheka, kwa kuwa mgeni alikuwa akicheka. Kaka yangu, aliyesimama nyuma ya waimbaji akiwa na gitaa shingoni, hakucheka. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye huketi benchi la mbele na hukagua kila kitu kama alivyokuwa akikagua mabehewa kabla ya kustaafu reli, naye hakucheka. Nilikuwa nimetoka Njombe asubuhi hiyo kwa ajili ya mavuno, nikaketi upande wa wanawake karibu na mama yetu, na niliona wale watu wawili wakitazamana juu ya vichwa vya waimbaji wa soprano.

Ni lazima nieleze kwa nini maneno ya mgeni yalikuwa mazito kiasi hicho, maana msomaji anaweza kudhani kosa lilikuwa kuingiza muziki wa kidunia kanisani. Usharika wetu si mkali hivyo. Kwaya zetu zina magitaa ya umeme, zina vinanda, na wengi wa wapigaji walijifunza kwa kusikiliza bendi za dansi. Kila mtu anajua. Jambo lilikuwa ushuhuda. Kwetu, kabla wimbo mpya haujaimbwa kwa mara ya kwanza, mtunzi husimama mbele ya usharika na kueleza jinsi alivyoupata. Anasema aliomba, au alifunga, au alikuwa katika huzuni, na wimbo ukamjia. Neno linalotumika ni kwamba amepewa. Baada ya ushuhuda huo wimbo si mali yake tena. Unapokelewa kwa maombi, kama mtoto anavyopokelewa. Kaka yangu alikuwa amesimama majuma machache nyuma na kusema kwamba alipewa wimbo ule akiomba kando ya kitanda cha mama, wakati mama alipougua mapafu na sisi tukaanza kuzungumza kwa sauti za chini. Wanawake walilia siku hiyo. Mama mwenyewe alilia, akiwa mzima.

Sasa mgeni alikuwa amesema wimbo huo uliwahi kurukiwa chumbani kwa bia.

Katikati ya juma wazee walimpelekea kaka ujumbe kwamba baraza litakaa Alhamisi mchana, nami nikaombwa nifike na santuri yenyewe, iliyokuwa ya baba yetu. Vijana wa kwaya walikuwa wameshautafuta wimbo kwenye simu zao na kuupata, lakini mwenyekiti hakutaka mwalimu ahukumiwe na wanafunzi wake kwa simu. Alitaka shahidi wa nyumbani. Walijua ipo, maana wengi wa rika letu waliohamia Makambako waliwahi kuisikia sebuleni kwa baba huko Njombe, na walijua kwamba mimi ndiye niliyeirithi.

Baba yetu alikuwa fundi seremala. Aliipata kwa mwalimu wa fizikia, Mwingereza wa kujitolea, ambaye baba alimtengenezea masanduku ya kurudishia vitu kwao; mwalimu alipoondoka akamwachia gramafoni na santuri ambazo hazikuingia masandukuni. Nyingine zilivunjika au ziliazimwa zisirudi. Ile moja ilibaki. Miezi ya baridi, ukungu ulipokaa juu ya Njombe hadi karibu na adhuhuri, baba aliweka jiko la mkaa katikati ya sebule, akaiweka santuri, na sisi tukakaa tumejifunika mablanketi tukisikiliza vijana wa Kiingereza wakilalamika kwa lugha tuliyokuwa tukiianza shuleni. Nilihifadhi maneno yao kabla sijaelewa maana. Kaka hakujali maneno. Alitengeneza gitaa la ubao na waya wa breki za baiskeli, akakaa karibu na spika.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipojifunza kwamba santuri ya sebuleni kwetu ilikuwa kitu mashuhuri. Waandishi wa habari za muziki huiweka mlangoni: nyuma yake muziki wa bluzi, mbele yake muziki wa roki nzito. Wanasema kwamba kabla yake gitaa lilimsindikiza mwimbaji, na baada yake mwimbaji akaanza kulisubiri gitaa limalize kusema; kwamba vijana wale walifungua amplifaya hadi sauti ikachubuka, na mchubuko ule ukawa sehemu ya wimbo badala ya kasoro. Makundi mengi yaliyofuata, yenye nywele ndefu na ngoma kubwa, yalipita mlango huo. Ninakubali. Lakini mimi sikuipenda yote, na sijawahi kuipenda yote. Upande wa pili kuna wimbo ambamo mpiga ngoma anaachwa peke yake hadi mtu anatamani kumshika mkono. Na mwimbaji, ambaye picha ya jalada inamwonyesha akiwa na ndevu chache za ujana, anaimba kama mzee aliyekwisha kuzika watoto. Nilipokuwa na miaka ishirini niliuona huo kuwa uongo. Sasa sijui. Huzuni ile hakuizaa yeye. Aliisikia katika santuri za Waamerika weusi, watu wa mashamba ya pamba, akaipenda kupita uwezo wake wa kuistahili. Majina ya wale watu weusi yapo nyuma ya jalada kwa herufi ndogo chini ya baadhi ya nyimbo. Chini ya nyimbo nyingine hayapo, na wanaojua wanasema yangepaswa kuwapo.

Nayatamka haya kwa wepesi hapa. Juma lile yalikuwa kama jiwe kifuani, kwa sababu wimbo alioutambua mgeni ulikuwa mmojawapo wa hizo zisizo na jina la mtu mweusi chini yake.

Jumatano kaka alinipigia simu. Alizungumza kwa utulivu, kama anayeagiza misumari.

"Mdogo wangu, iache huko Njombe. Waambie ilipasuka."

Nilimwambia haijapasuka.

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Mimi siwezi kusema hivyo mbele yao."

Kwenye simu nilisikia msumeno wa jirani yake ukiingia kwenye ubao na kutoka. Kisha akakata. Asubuhi ya Alhamisi alipiga tena, akasema niilete, asiulizwe sababu. Niliifunga santuri katika kanga, nikaiweka kwenye kiti cha abiria pamoja na gramafoni, nikashika barabara ya Makambako. Mashamba ya chai yalikuwa yamelowa. Malori ya mbao yalinitangulia polepole kwenye miinuko, na kila nilipotaka kuyapita nilijikuta ninaridhika kubaki nyuma yao.

Nyumbani kwa kaka, mtaa wa Lyamkena, mama alikuwa ameshavaa kitenge cha kanisani ingawa hakuitwa. Alinikaribisha chai, akaniambia kwa Kibena nijibu kwa maneno machache, kwani tangu nirudi kutoka chuo kikuu nimekuwa mtu wa kumjibu aliyeuliza njia kwa kumweleza historia ya barabara. Kisha akaacha mzaha. Alisema kaka bila kwaya atakuwa kama nyumba iliyotolewa mlango; kwamba mke wa kwanza alimwacha, karakana yake ya useremala ikaungua, na mara zote mbili kilichomwamsha kitandani ni mazoezi ya Jumamosi. Nilijua. Wote tulijua. Hakunitaka niseme uongo, na hakusema nisiseme.

Ofisi ya usharika ni chumba kirefu chenye meza moja. Wazee walikuwa wamekaa pande mbili, mchungaji mwishoni, kaka mkabala naye. Mchungaji ni mwenyeji wa Ludewa, kijana kuliko kaka na kuliko mimi, mtu ambaye hunyamaza hadi unajuta kuwa umesema. Mwenyekiti alinipa kiti. Alinisalimu kwa Kibena, akitazama kanga niliyoibeba.

"Kamwene, mwanangu. Na huyo mgeni mwingine naye akae mezani."

Wachache walicheka. Niliunganisha gramafoni na spika ya kwaya, nikashusha sindano. Kwanza ulikuja ule mkwaruzo ninaoujua kuliko sauti za jamaa zangu wengi, halafu gitaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo: kuisikia katika chumba kile chenye picha za maaskofu na kalenda ya usharika, huku kaka akiitazama meza. Gitaa lile halipigwi tu, linavutwa. Waya unasukumwa pembeni mpaka sauti inapanda kwa shida kufika inakokwenda. Hakuna mtu mwingine Makambako anayevuta waya namna hiyo. Hata asiyejua muziki angesikia mkono wa kaka yangu, ingawa ukweli ulikuwa kinyume: mkono wa kaka ndio uliofundishwa na ule wa kwenye santuri.

Mzee mmoja alianza kutikisa mguu chini ya meza, akagundua, akauzuia kwa mkono.

Wimbo ulipokwisha nilinyanyua sindano. Mwenyekiti aliniuliza kama wimbo wa mavuno ndio huu.

Nilikuwa na nafasi hapo. Ningeweza kusema unafanana. Muziki wa namna hii hujengwa kwa mihimili michache, na nyimbo nyingi hufanana; ningelisema hilo kwa ufasaha na wangeniamini, maana ndiyo sababu ya kuniita. Kaka aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Ndio huu," nilisema. "Gitaa la mwanzo na kiitikio. Maneno ni ya kaka."

Hapo ilinipasa ninyamaze, kama nilivyoagizwa. Badala yake nilianza kueleza. Niliwaambia kwamba wale Waingereza nao hawakuutoa hewani. Kwamba ulitoka kwa watu weusi waliotoka kwetu Afrika wakiwa wamefungwa, na waliouimba kwanza waliimba Jumamosi baa na Jumapili kanisani kwa sauti ile ile. Niliwaambia kwamba hata katika kitabu chetu cha nyimbo kuna sauti zilizoanza zikiwa nyimbo za mapenzi huko Ujerumani. Nilikuwa nikizungumza vizuri. Niliona nyuso zikijifunga moja baada ya nyingine.

"Mwanangu," mwenyekiti alisema, bila ukali, "hatujauliza mtoto amezaliwa wapi. Tunauliza habari za aliyesimama kanisani akasema ni wake."

Mchungaji akamgeukia kaka, akamwomba aeleze mwenyewe.

Kaka alieleza kwa muda mrefu na bila kujipamba. Alisema usiku ule wa ugonjwa aliomba kweli, na maneno yakamwishia. Alichukua gitaa lisilo na umeme ili mikono yake iwe na kazi, na sauti ikaja, na maneno ya Zaburi yakaikalia. Hakuitambua. Mama alipopata nafuu alikuwa tayari ana wimbo mzima. Ni kwenye mazoezi, wakati besi ilipoingia, ndipo aliposhtuka na kuona sebule ya baba. Kwaya ilikuwa imeshaupenda. Akasimama Jumapili akatoa ushuhuda alioukusudia tangu mwanzo, na kile alichokijua baadaye akakiacha moyoni.

Nadhani kama kura ingepigwa wakati ule wangemwachia. Lakini mzee aliyekuwa akitikisa mguu alisema, kwa haki kabisa, kwamba mwaka uliopita walimtoa kijana mmoja katika kwaya ya vijana kwa kutoa ushuhuda wa wimbo alioupata redioni, na mama wa kijana yule bado yumo usharikani, naye ana masikio. Baada ya hapo mazungumzo yalifuata njia moja. Mchungaji ndiye aliyeyafunga. Jumapili, baada ya matangazo, angetoa nafasi. Kaka angekuja mbele, angekiri kwamba ushuhuda ule haukuwa wa kweli, usharika ungemwombea na kumrudisha kundini, na Jumamosi inayofuata angekuwa na kwaya yake. Wimbo ungebaki. Asipokuja, kwaya ingepata mwalimu mwingine.

"Nitatubu kwamba nilijua nikanyamaza," kaka alisema. "Hilo nilifanya."

"Usharika haukupokea kunyamaza kwako," mchungaji alimjibu. "Ulipokea ushuhuda."

"Nikisema ushuhuda ni uongo, mchungaji, nimesema kwamba usiku ule niliomba nikajibiwa na santuri."

Mwenyekiti alisema hakuna anayemtaka aseme hivyo. Kaka akasema ndicho atakachokuwa amesema, na mama atakuwa amekaa pale akisikia. Tuliombewa, tukatoka.

Tulitembea hadi kwake, nilikoliacha gari, mimi nikiwa na santuri, yeye na gramafoni begani. Nilitaka anikaripie. Badala yake alisalimia watu njiani kwa niaba yangu, akamtania muuza mahindi ya kuchoma. Tulipokaribia karakana alisema, "Ungesema unafanana."

"Ungekuwa uongo."

"Najua. Ndiyo maana nilikwambia uilete." Alitembea kidogo. "Lakini yale ya Ujerumani hukutumwa na mtu."

Niliomba ruhusa kazini, nikabaki Makambako. Sitaki kuzipamba siku zile. Hazikuwa na mambo makubwa. Kaka aliranda mbao. Mama alimwomba asimame Jumapili, siku moja kwa upole na siku nyingine kwa hasira, akisema kwamba maneno hutoka mdomoni na Mungu hutazama moyo, na kwamba yeye aliyeugua ndiye mwenye haki ya kusema aliponaje. Kaka alimjibu kila mara, "Nimekusikia, mama," na hatukujua amesikia nini. Jumamosi alasiri kwaya ilifanya mazoezi bila yeye. Upepo ulileta sauti hadi uani; walikuwa wakijaribu wimbo wa mavuno, na mpiga gitaa kijana aligonga waya pale pa kuvuta. Sauti ilitoka safi, ya moja kwa moja, isiyo na shida yoyote. Nilimtazama kaka. Alikuwa anapima ubao, akaupima mara nyingine.

Ninaifikiria santuri ile kwa namna tofauti tangu juma hilo. Zamani nilikuwa na swali la msomi: nani alimwibia nani. Wale vijana wa Kiingereza hawakuwahi kuitwa mbele ya baraza kueleza nyimbo zao zilikotoka. Wengine walilipwa, wakasifiwa, wakazeeka. Kaka aliitwa. Lakini nisingesema alionewa. Baraza letu liliuliza swali ambalo ulimwengu mzima wa muziki umelikwepa, tena lililiuliza kwa uzito, kupitia watu waliokaa chumbani mchana kutwa wakiacha mashamba yao. Ila swali lao lilikuwa na nafasi ya jibu moja tu, ndiyo au hapana. Na ninajua, kwa kuwa nilikua na mtu huyu chini ya blanketi moja mbele ya spika moja, kwamba majibu yote mawili yalikuwa pungufu.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko siku ya mavuno. Kaka alivaa koti lake la harusi. Hakukaa na kwaya. Alikwenda upande wa wanaume, benchi la katikati, mwishoni karibu na njia, mahali ambapo mtu anayekusudia kwenda mbele angekaa. Mama aliona hivyo, akanishika kifundo cha mkono. Mama wa kijana yule aliyetolewa alikuwa mabenchi mawili mbele yetu, shingo yake imenyooka.

Matangazo yalisomwa: ndoa, wagonjwa, ujenzi wa nyumba ya mwinjilisti. Kisha mchungaji alifunga daftari, akatoka nyuma ya meza, akasimama penye ngazi ya madhabahu. Alisema kwamba yuko ndugu aliyepewa nafasi leo, naye anakaribishwa. Hakumtaja jina. Aliweka mikono mbele, akasubiri.

Sijui alisubiri kwa muda gani. Mtoto mmoja alilia, akatolewa nje. Kwaya ilitazama chini. Niliona kisogo cha kaka na mabega ya lile koti, ambalo sasa linambana, na mara moja mabega yalipanda kama ya mtu anayejiinua, na vidole vya mama vikanibana hadi mfupani, kisha yakashuka. Alikuwa amevuta pumzi tu. Mchungaji alimtazama. Hakuwa na haraka, wala hakuwa na ukatili. Kama kuna aliyetamani kuona mtu akisimama asubuhi ile, baada ya mama, alikuwa yeye.

Mwisho mchungaji aliinamisha kichwa, akarudi nyuma ya meza, akafungua kitabu na kutaja namba ya wimbo. Usharika wote ukasimama. Kaka naye akasimama, katikati ya wanaume, akaazima kitabu cha jirani, akaimba besi.